Picha Iliyoitwa "Kwaheri"

Picha iliyompa mpiga picha Shebe tuzo ilitundikwa ukumbini: msichana juu ya paa, maji ya mafuriko yamemfika magotini, mkono kauinua. Chini yake pameandikwa "Kwaheri."

Bi Tunu, mama wa msichana huyo aliyekufa katika mafuriko yale, aliitazama kwa muda mrefu.

"Jina hili umelitoa wewe, baba?"

"Ndiyo, mama. Alikuwa anatuaga."

"Anaaga? Kiganja kakielekeza chini, vidole kavikunja. Hebu nitazame mimi."

Akanyoosha mkono, kiganja chini, akakunja vidole mara mbili, kama watu wa mji wao wanavyoita mtu.

Kabla hajafikiri, Shebe alikwisha kumsogelea hatua mbili.

"Kumbe unajua maana yake," alisema Bi Tunu, na mkono wake haukuacha kuita.