Kishikio cha Mpingo

Tangu siku Kombo alipozikwa, hakuna aliyeligusa gari lake kuukuu, mpaka mdogo wake, Faki, alipolipeleka gereji kwake kulitengeneza. Alilirudisha asubuhi ya hitima, linang'aa.

"Kila kifaa ni cha kiwandani, shemeji," alimwambia mjane, Mashavu. "Kaka angefufuka leo angedhani kalinunua jana."

Mashavu aliingia akakaa kwenye kiti cha dereva. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gia, ukakutana na plastiki mpya, baridi.

"Kile kishikio cha mpingo kiko wapi?"

"Kile kigogo? Kilikuwa kinaharibu sura. Nimekitupa jalalani. Hiki nimehangaika nacho, kimetoka nchi za watu."

"Kombo alikichonga kwa kisu changu cha jikoni. Miaka yote aliyoliendesha, dole gumba lake lilichimba kishimo pale juu."

"Mimi nilitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, shemeji."

"Kiwandani Kombo hakuwemo, Faki."

Mashavu hakuwahi kumwita shemeji yake kwa jina. Wasomaji wa hitima waliokuwa barazani waligeuka kuwatazama. Mashavu akakifungua kile kishikio kipya kwa mkono, akakibwaga miguuni pa shemeji yake.

"Twende ukanioneshe hilo jalala."

Sasa gari liko uani, gia yake haina kishikio. Nyuma ya gereji, Faki amepiga magoti na kanzu yake nyeupe, anapekua taka kwa mikono mitupu, na Mashavu amesimama nyuma yake.