Namba ya Kiatu

"Na mwanao anavaa kiatu namba ngapi?"

Mwenye nyumba aliangua kicheko. "Dada, umekuja kuniuliza habari za vita au unataka kunifungulia duka?"

Karani alicheka naye, maana swali lile hata yeye lilimshangaza. Fomu ilikuwa na maswali matatu tu. Unakubali nchi iingie vitani? Nyumba ina vijana wangapi wa kiume, na umri wao? Wanavaa kiatu namba ngapi? Msimamizi alieleza siku ya mafunzo kwamba watu wa viwanda vya viatu nao wameomba swali lao liingizwe humo humo, maana serikali inabana matumizi. Akawaambia makarani kila mmoja ajaze fomu ya kwanza kwa nyumba yake mwenyewe, kujizoeza.

"Maoni andikeni kwa penseli, watu hubadilika," alisema. "Mengine kwa wino."

Mwenye nyumba alikuwa ameacha kucheka. "Vita sitaki. Andika kwa herufi kubwa. Kiatu, arobaini na moja."

Hiyo ilikuwa nyumba ya mia mbili na kumi na mbili, na waliotaka vita walihesabika kwa vidole. Karani alikuwa na malengelenge miguuni lakini hakujali. Serikali ilikuwa imeapa redioni kwamba itafuata matakwa ya wananchi, naye alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Cheche, fundi wa kuchomelea, miaka ishirini. Kila "hapana" aliyoandika aliiona kama komeo jingine kwenye mlango wake.

Ijumaa alikabidhi fomu. "Wananchi wamekataa," alimwambia msimamizi, roho imemtulia.

Msimamizi alizipekua haraka haraka. "Kazi safi, mama. Hakuna hata namba moja ya kiatu iliyokosekana."

Jumatatu asubuhi redio ikatangaza vita. Karani alikaa na kikombe mkononi hadi chai ikapoa. Aliona aibu. Angewatazamaje tena watu wale wote waliomfungulia milango?

Cheche alikuwa akifunga kamba za viatu aende karakana. "Usijilaumu, mama. Wewe uliuliza tu."

Mlango ukagongwa. Walikuwa wanajeshi wawili, mmoja na boksi, mwingine na karatasi. Karani aliutambua mwandiko wake mwenyewe kwenye karatasi ile. Ilikuwa fomu namba moja, ile ya nyumba yake, na jibu la kwanza lilikuwa limefutwa kwa raba.

Yule wa boksi akatoa jozi ya buti mpya na kumtazama Cheche miguuni.

"Arobaini na tatu, sivyo?"