Vipande Vitatu

Kila mwaka mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo yalipoanza, marafiki watano walibandika ratiba ukutani kwa Kibwana, fundi viatu, kila mmoja akatabiri bingwa. Kibwana hakubadilika: Chuo cha Ualimu, anachochezea binti yake Riziki. Kila mwaka Ualimu walitolewa siku ya kwanza.

Safari hii Mwanakombo, mwandishi wa ratiba, alichoka kupandisha goti lake bovu kwenye kiti kila raundi ili kujaza washindi. Akawaandika mapema mabingwa wa zamani, Chuo cha Kilimo: nusu fainali, fainali, mpaka kwenye boksi la bingwa.

Jioni simu ya Kibwana ililia. Akasikiliza, akakaa chini.

"Ni Riziki. Wamewatoa Kilimo. Kwa pointi moja."

Wote wakaugeukia ukuta. Mwanakombo akachukua karatasi nyeupe na mkasi.

"Baba Riziki, lete gundi."

Kibwana alipanda kiti, akabandika kipande juu ya jina la Kilimo kwenye nusu fainali, akaandika Ualimu. Aliposhuka, akaona vipande vingine viwili mezani.

"Na hivi?"

"Usivipoteze tu."

Akavitia kwenye mfuko wa shati. Kopo la gundi aliliacha wazi.