Bakuli la Jirani

Ili kuokoa nafasi, jengo zima lina jiko moja dogo linaloweza kusema, linalopanda na kushuka kama lifti kwa zamu ya kila mpangaji. Bi Sauda hajawahi kumwona jirani wa juu, ila kila akimaliza kupika humwachia bakuli la mbaazi za nazi, kalifunika kwa kawa. Bakuli la jirani halirudishwi tupu. Kesho yake hulikuta limeoshwa, ndani mna ndimu mbili.

Leo akaliuliza jiko, “Huyo jirani ni nani?”

“Juu hakai mtu, Bi Sauda, tangu mwaka jana.”

“Na ndimu?”

“Ni mimi. Niliona uko peke yako, na bado unapikia wawili.”

Bi Sauda akachukua upawa, akalijaza bakuli.

“Mwambie jirani,” akasema, “leo chumvi imezidi kidogo.”