Kibao cha Mbeyu

Katika klabu ile ya midahalo na diplomasia, mwanachama mpya hukabidhiwa kibao chenye jina la nchi asiyoichagua, naye huitetea mpaka kikao kifungwe. Haruhusiwi kusema "mimi". Husema "nchi yangu".

Zawena alipewa nchi yenye mpaka mrefu, na hoja yake ilikuwa kuwafungia wakimbizi mpaka huo. Upande wa pili wa meza alikaa Mbeyu, mwenzake wa chumbani, aliyemvuta wiki iliyopita akisema, "Twende tujiunge, shosti. Mdomo huo usiuache ulale bure."

Zawena akainua kibao, akaruhusiwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nchi yangu imechoka kulisha watu waliokimbia kwao badala ya kupajenga."

Ukumbi ukagonga meza kumshangilia. Akanogewa, akaendelea.

Zamu ya Mbeyu ilipofika, alisimama taratibu. "Mimi nilivuka mpaka mgongoni kwa mama."

"Mjumbe, kanuni," mwenyekiti akamkumbusha. "Sema nchi yangu."

Mbeyu akakitazama kibao chake, akakilaza kifudifudi mezani.

"Sina," akasema, akatoka.

Zawena alilijua hilo. Mbeyu alimsimulia siku moja chumbani, wakichambua mchele, na yeye akalisahau kwa dakika tano tu, zile za kupigiwa meza.

Kura zikaitishwa. Vibao vikainuka ukumbi mzima, na nyuso zote zikamgeukia mwenye hoja, zikisubiri ainue chake.