Fundo Penye Kovu

Miezi minne baada ya kutolewa mfuko wa nyongo uliokutwa na saratani, Mwanaidi, fundi cherehani, aliona kijivimbe kwenye kovu la kitovuni, palipopita mrija wa upasuaji. Tangu hapo kanga aliifunga kifuani, pasiguswe.

Leo daktari alimwekea kichupa mezani. “Tulichokikata mwezi uliopita si saratani, mama. Ni fundo la uzi tuliokushonea, liligoma kuyeyuka.”

Mwanaidi alikipeleka kichupa dirishani, akakikazia macho. “Aliyefunga hili nani?”

“Mimi.”

“Mwanangu! Fundo kama kokwa? Njoo dukani nikufundishe.”

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Mwanaidi akasimama, akaishusha kanga hadi kiunoni, juu ya gauni, akaikaza pale pale penye kovu kwa fundo dogo, bapa, kama halipo.