Uvundo wa Samaki

"Lete mikono," Zuhra alisema.

Mwanvua akainyoosha. Ilikuwa bado inachuruzika maji, na povu la sabuni limebaki kwenye kucha. Zuhra akaishika kwa ncha za vidole, akaisogeza puani, akaiachia upesi kama aliyeshika konokono.

"Bado. Karudie na ndimu."

"Mama, nimenawa sana," Mwanvua akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira. "Haiko mimi. Harufu iko mu gari."

Zuhra akacheka kwa dharau. Gari linuke samaki, limekuwa mtumbwi?

Gari lenyewe ndilo lililokuwa nyumba yao. Mwaka ule watu wa Kongo walipovuka ziwa kwa maelfu, Ujiji ilijaa wafanyakazi wa misaada wakitafuta pa kulala. Ramadhani, mumewe Zuhra, akawapangisha nyumba yote. Kisha akanunua gari kuukuu la Mzungu mmoja msafiri, gari refu lenye vitanda, jiko na friji ndani. Akaliegesha uani, akavuta waya wa umeme kutoka dirishani mpaka ubavuni mwa gari, wakahamia humo. Mwanzoni fyuzi zilikuwa zinaungua kila friji na pasi vikiwashwa pamoja. Ramadhani akazing'oa, akaunga waya mnene mahali pake, na tangu hapo hakikuzimika kitu. Ukishika mlango kwa mkono wenye maji ulisikia vidole vinawasha, lakini Ramadhani alisema magari ya Ulaya ndivyo yalivyo.

Mwanvua alikuja baadaye. Zuhra alimkuta ufukweni, kasimama majini mpaka magotini, anatazama kila boti inayoingia. Alikuwa amepotezana na binti yake, Shadia, siku ya kukimbia vita, na hakutaka kupelekwa kambini kabla hajamwona akishuka. Zuhra alimwonea huruma kwelikweli. Akampa kitanda cha nyuma, naye akawa anampikia na kumfulia. Asubuhi Mwanvua alikwenda kuwasaidia wanawake kuanika dagaa, apate kuwa karibu na boti. Mchana alirudi.

Siku nyingi hazikupita, harufu ikaanza. Haikuwa harufu ya samaki wa kuliwa. Ilikuwa ya samaki aliyekufa akasahauliwa, nzito, yenye kukaa kooni. Zuhra akashindwa hata kumeza chai. Alichoma ubani, akafua mashuka, akatoa magodoro juani, akamkataza Mwanvua kuingia na kitenge alichoanikia dagaa. Uvundo haukutoka. Tena ulizidi kule nyuma, kwenye kitanda cha Mwanvua.

"Mume wangu, huyu mtu ananuka," Zuhra alisema.

"Ujiji nzima inanuka dagaa," Ramadhani akajibu, akageukia redio yake.

Kisha umeme wa mji ukakatika, ukakaa siku kadhaa bila kurudi. Zuhra akaona ndio wakati wa kufanya usafi wa maana. Akamzuia Mwanvua asiguse dagaa, akamwogesha kwa ndimu na mchaichai, akimsugua mgongo kama sufuria yenye masizi. Mwanvua alikaa kwenye beseni, kainamisha kichwa. Lakini uvundo ulikwisha. Ulikwisha kabisa, mpaka Zuhra akala wali ndani ya gari na kurudia sahani.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Nilikwambia ni yeye."

Taa zilipowaka tena, mtaa mzima ulishangilia. Mwanvua akaomba ruhusa, akarudi ufukweni kwenye dagaa wake na boti zake. Kufika jioni uvundo ulikuwa palepale, na safari hii Zuhra alishindwa kuuvumilia. Alitapika mlangoni, Mwanvua akakimbia na kikombe cha maji.

"Usinishike!" Zuhra akapiga kelele. "Kuoga umeoga, kusuguliwa umesuguliwa, bado! Uchafu umekuingia mpaka kwenye damu!"

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa mtaa, akasema uani kwake kuna mkimbizi anayekaa nje ya kambi.

Lori lilikuja kabla ya adhuhuri. Mwanvua alipanda na kifurushi chake kimoja. Hakulia, hakutukana. Aliinama tu kutoka juu, akamshika Zuhra bega.

"Mama, Shadia akifika, nani atamwambia niko wapi?"

Zuhra alijifunika pua kwa kanga. Lori likaondoka kwa barabara ya Kidahwe kuelekea kambini, vumbi likalimeza.

Mchana huo Zuhra alifanya kazi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alilichoma moto godoro la kitanda cha nyuma. Akapiga deki, akapangusa kuta zote isipokuwa pale kitanda kilipobana, akatandika zulia jipya. Akawasha friji apoze maji ya kunywa. Akawasha na pasi, akaanza kunyoosha mashuka huku akiimba kidogokidogo, akivuta pumzi ndefu za hewa safi.

Shuka la tatu halijaisha, wimbo ukakatika.

Akanusa kiganja chake. Akanusa shuka. Akafungua friji: maji matupu. Akainua zulia, akachungulia uvunguni, akanusa hata viatu vya mumewe. Uvundo ulikuwa unapanda, mzito kuliko siku zote, na humo ndani alikuwa peke yake.

Akaufuata kwa pua, kanga mdomoni, mpaka kule nyuma. Akakivuta kile kitanda kitupu kutoka ukutani. Soketi ulimoingilia waya wa Ramadhani ilikuwa imelainika kwa joto kama nta, imekuwa rangi ya kahawia, na humo, pamoja na uzi mwembamba wa moshi, ndimo ulimokuwa unatoka uvundo wa samaki.